Turubai la Magunia

Mume wangu, mfanyabiashara mdogo wa mjini Kasulu, alinunua tipa kuukuu miaka ile ya sabini, wilaya ilipokuwa ikikodi magari ya watu kumwaga changarawe barabarani. Alidhani kuwa na gari kunatosha. Alipokwenda kuliandikisha, alirudi amenuna.

"Wanataka breki zinazoshika mlimani, bodi ya nyuma inayofunga sawasawa, dereva mwenye leseni ya magari makubwa, na marufuku kupakia abiria juu ya mzigo," aliniambia. "Hayo ninayo. Lakini wanataka na turubai la kufunika changarawe. Nitalitoa wapi?"

Ilikuwa kweli. Siku hizo hata sabuni tuliipangia foleni. Aliwaulizia ndugu zake wa Kigoma mjini, wakamjibu hakuna. Tipa likakaa uani, kuku wakahamia chini yake.

Mimi ni Muha wa Makere. Nyumbani tuliweka maharage kwenye magunia, na tangu usichana nilijua kushika shazia, ile sindano ndefu ya kushonea magunia.

"Nitakushonea," nikamwambia.

Akacheka. "Mama watoto, hilo ni gari, si mzigo wa maharage."

Nilifumua magunia, nikayatandaza uani, nikayaunga kwa uzi wa katani uliokunjwa mara mbili. Viganja vilinitoka malengelenge. Jioni moja nilimkuta amechuchumaa peke yake, anaivuta mishono kwa nguvu zake zote aone kama itafumuka. Haikufumuka. Alinyanyuka, akaenda kunitafutia uzi mwingine.

Mkaguzi wa wilaya alikuwa mtu mzima, mpole, asiyependa maneno mengi. Alilishika pindo la kazi yangu, akaligeuza.

"Ndugu, hili ndilo turubai?"

Swali lilikuwa la mume wangu. Nikajibu mimi, mtoto mgongoni. "Masharti yanataka mzigo ufunikwe. Umefunikwa."

"Basi panda gari langu, mama, tukaone."

Tipa lilijazwa changarawe, likateremka mlima wa barabara ya Makere, mimi na mkaguzi nyuma yake kwenye Landrova. Magunia yalivimba kwa upepo, kamba zikakazika, hakuna kilichopeperuka. Nilianza kutabasamu. Tipa lilipotumbukia shimoni, komeo la bodi ya nyuma likafyatuka, mawe yakamwagika mbele yetu, na moja likapasua kioo cha Landrova. Nilimkinga mtoto niliyempakata kwa mikono yangu. Mkaguzi alisimamisha gari, akakung'uta vipande vya kioo mapajani.

"Turubai lako halina neno," alisema. "Bodi ya mumeo ndiyo iliyotudanganya."

Nilitaka kulia, nikajikuta nacheka, naye akacheka.

Mhunzi mmoja alitufulia makomeo mapya, mazito, na safari ya pili tipa likapita. Wiki hiyo hiyo nikaona lori la wilaya yenyewe likipita sokoni wazi kabisa, vumbi na kokoto vikiwaangukia akina mama waliokuwa wakipanga bidhaa zao. Mkaguzi alipopita dukani kwetu, sikuvumilia.

"Na lile la kwenu je?"

Alijikuna kisogo. "Hata sisi hatuna turubai, mama."

Kesho yake alileta magunia matupu, nikawaita majirani, tukashona.

Mvua zilipoanza, magunia yalikunywa maji, yakawa mazito kama maiti. Wapakiaji walitutukana kwa Kiha, nasi tukawajibu kwa Kiha. Kila jioni tuliyaanika uzioni. Yaliyooza tuliyatia viraka, mpaka barabara ikakatika na kazi ikasimama.

Kiangazi, wenye magari kutoka Kibondo walimuuliza mume wangu anakopata turubai.

"Muulizeni mke wangu," akawajibu.

Wakaja kuketi barazani kwangu, wanaume wazima na kofia zao mapajani, wakinieleza urefu na upana wa magari yao.