Mpishi wa Subira na Ng'ombe wa Pili

Jumanne, tarehe 14 Machi 2023, saa kumi na moja alfajiri. Mvua iliyoipiga Uvira imekatika, lakini mawingu bado yamelalia milima na ziwa lina rangi ya majivu. Kwenye gati la Kalundu, ndani ya jiko la mabati lililo nyuma ya meli ya mizigo iitwayo Subira, Bernardine anapuliza makaa yaliyoloa.

Maharagwe yako motoni tangu mapema. Sasa anangoja maji ya bugali yachemke. Mabaharia watakula kabla ya kuanza kupakia. Kila mara mkono wake unashuka kiunoni, mahali alipofunga mfuko wa plastiki chini ya kitenge. Ndani ya mfuko huo imo pasipoti yake.

"Mama Keza, iyo pasipoti haitatoroka," anamtania baharia mmoja.

"Yenyewe haitatoroka. Itaniacha minye hapa," anamjibu, na hacheki.

Subira inatarajiwa kung'oa nanga Alhamisi jioni kwenda Mpulungu, nchini Zambia, kuleta saruji na sukari. Mpishi wake, aliyeitumikia kwa miaka kumi na mmoja, hajui kama atakuwamo.

Bernardine ana umri wa miaka thelathini na minane, naye ndiye mwanamke pekee katika meli hiyo. Humo hakuna amwitaye kwa jina lake. Wote humwita kwa jina la binti yake wa kwanza. Nje ya meli mambo ni tofauti. Kitabu chake cha ubaharia na kadi yake ya chanjo ya homa ya manjano vinamtambua kama Bernardine Ngendakumana, jina alilopewa na baba yake. Pasipoti inamtambua kama Bernardine Niyongabo, na hilo la pili ni jina la mumewe.

Zamani, Subira ilipokuwa ikiishia bandari za jirani, kibali cha kuvuka mpaka kilitosha. Safari za Mpulungu zilipoanza, miaka mitatu iliyopita, pasipoti ikawa lazima. Mumewe, Libérat, mkulima wa mpunga huko Kiringye, ndiye aliyeomba jina lake liandikwe. Karatasi ya ndoa ya parokia ikapokelewa bila swali.

"Muke wangu akienda mbali, na muntu akimuuliza iko wa nani, nilitaka jina yangu ijibu," anasema Libérat.

Bernardine hakupinga. "Nilifurahi hata! Nilifikiri jina ya bwana iko kama kitenge ya pili. Unaifunga juu, na ile ya chini inabakia."

Mwezi Februari, huko huko Mpulungu, furaha hiyo ilikoma. Afisa aliyepanda melini aliiweka kadi ya chanjo kando ya pasipoti, akauliza huyu mwingine ni nani.

"Nikamujibu ni minye. Akasema, 'Basi nyinyi ni wawili, na mmoja tu ndiye aliyechanjwa.'"

Afisa huyo hakumtukana wala hakudai chochote. Alimkataza tu kushuka. Kwa siku zote za kupakua mzigo, Bernardine aliwapikia wenzake na kuwatazama wakienda sokoni na kurudi. Kabla ya kuondoka, nahodha aliambiwa kwamba safari nyingine mpishi huyo hatapokelewa bila karatasi inayoyaunganisha majina yake mawili, na meli itatozwa faini.

Nahodha huyo ni Asani, mtu wa ukoo wa Kiislamu ambao umefanya biashara katika ziwa hili tangu enzi za babu zake. Hana ubaya na mpishi wake. Ana hesabu zake.

"Mama Keza tuko naye tangu bato hii iko na rangi yake ya kwanza," anasema, akiugonga ubavu wa meli kwa kiganja. "Lakini faini haijue utamu wa bugali. Nimemupa mpaka kesho saa sita. Ikipita, Safi anapanda. Na Safi akipanda, sitamushusha kisha safari moja. Nayo ni haki yake."

Safi hupika katika mgahawa ulio karibu na lango la bandari. Karatasi zake zote zina jina moja.

Kinachoning'inia hapo si safari moja tu, ni riziki. Subira humlipa Bernardine dola mia moja na ishirini kwa mwezi. Maji yamefunika mashamba ya Libérat misimu miwili mfululizo, na fedha hizo ndizo zinazolipia nyumba yao katika mtaa wa Nyamianda na shule ya Keza na wadogo zake wawili.

Alijaribu kwanza kuibadilisha kadi, kisha kitabu. Kila dirisha lilimwomba kitu kilekile: hati ya ndoa ya serikali. Yeye na Libérat walifunga ndoa kanisani miaka kumi na mitano iliyopita, wala hawakuwahi kuiandikisha. Waliomba mwezi uliopita, tangazo likabandikwa ukutani, siku zake zikatimia. Limebaki jambo moja. Mtu wa upande wa bibi harusi sharti afike mbele ya mwandikishaji kushuhudia habari ya mahari.

Mtu huyo ni kaka yake mkubwa, Mathieu, wa Lubarika. Na Mathieu amekataa.

Mahari ilikuwa ng'ombe wawili. Mmoja alifika. Wa pili aliahidiwa baada ya mavuno, lakini risasi zilianza kulia bondeni, mifugo ikatawanyika, na baba akafariki kabla ya kumwona. Jumapili iliyopita, baada ya misa, Bernardine alikwenda kumsihi kaka yake.

"Yaya, kaka yangu, sema tu imeisha," alimwambia. "Muntu gani atakuja kuhesabu?"

"Minye nitahesabu," Mathieu alimjibu. "Weye unatembea na jina ya watu, na ngombe yao haijatembea kuja hapa. Mbele ya leta, mbele ya serikali, niseme iko, penye haiko? Hapana, dada. Unikasirikie, lakini uongo sitatia sahihi."

Watakuwapo watakaomwita Mathieu mkaidi. Hata hivyo, kukataa kushuhudia jambo ambalo halikutendeka ni adabu ambayo nchi hii ingeihitaji zaidi, si pungufu.

Bernardine alirudi Nyamianda. Jumanne hiyohiyo, yeye akiwa jikoni Kalundu, Libérat alipanda pikipiki kwenda Lubarika. Hakumwomba shemeji yake aseme uongo. Alimwomba aje aseme ukweli wake kwa kinywa chake, hata kama utamvunjia mkewe kazi.

Jumatano, saa nne na nusu asubuhi, walikaa wote watatu kwenye benchi moja mbele ya mwandikishaji, mwanamke mtulivu aitwaye Pélagie. Bernardine hakuyaondoa macho yake kwenye saa ya ukutani.

"Papa, mulikubaliana mahari?" Pélagie aliuliza.

"Tulikubaliana."

"Kuna kitu mulipokea?"

Mathieu aliinua kidole kimoja. "Ngombe moja," alisema.

"Uliiona weye mwenyewe?"

"Baba alipokea. Minye nilishika kamba."

Pélagie akaanza kuandika. Mathieu akainuka kidogo kwenye benchi. "Na ya pili, madame? Andika pia kama ya pili haijafika!"

"Ya pili ni deni ya familia yenu, papa. Sheria haijaniomba niulize kama mumemaliza. Imeniomba niulize kama mulikubaliana, na kama kitu kilitolewa. Kuna uongo hapo?"

Mathieu alifikiri. "Hapana," alisema, akatia sahihi.

Robo saa kabla ya saa sita, Bernardine alimkabidhi Asani hati ya ndoa, yenye majina yake yote mawili, pale gatini. Nahodha aliisoma mara mbili, akamrudishia. "Washa moto, Mama Keza. Watu wako na njaa."

Hofu haijamtoka. Hati imeandikwa kwa Kifaransa, na anakokwenda wanasoma Kiingereza. "Afisa akiigeuza-geuza tu na kunirudisha mu bato, nitafanya nini?" anauliza. Akirudi salama, anakusudia kuomba pasipoti mpya yenye majina yote mawili, na kuhakikisha kwamba Keza, siku atakapoolewa, hatabadilisha hata herufi moja kabla karatasi zake zote hazijafuatana.

Alhamisi alasiri, mzigo wa mwisho ukipandishwa, Mathieu alifika Kalundu kumuaga. Bernardine alimvuta kando, akamtolea bahasha: mshahara wa miezi mitatu, aliopewa na Asani kama karadha.

"Yaya, iyi inatosha ngombe. Kamata, tumalize."

Mathieu hakuifungua. Aliirudisha mkononi mwa dada yake, akavifunga vidole vyake juu yake.

"Deni iko ya Libérat," alisema. "Weye sikudai kitu. Panda."