Saa Kumi na Nne na Nusu

Mama alipofariki, kaka yangu alikuwa Toronto, mwaka wa tisa hajakanyaga Bariadi. Aliniomba kitu kimoja tu kwenye simu: mama asizikwe kabla hajamwona uso. Jumatano saa moja jioni akatuma ujumbe: "Nimepata tiketi, napanda. Nisubirini." Baada ya hapo hakupatikana tena.

Baba mkubwa, aliyeshika familia tangu baba atangulie, akaniuliza mbele ya wazee, "Huko ni mwendo wa muda gani?"

Ningesema sijui, yangeisha. Lakini mimi ndiye mfanyakazi wa halmashauri, ndiye mwenye simu janja, na kimbelembele nimezaliwa nacho. Nikaandika: Toronto hadi Mwanza, saa ngapi kwa ndege. Ikaja kilomita elfu kumi na mbili, saa kumi na nne na nusu. Nikaongeza saa tatu za gari kutoka Mwanza kupitia Lamadi. Nikasema kesho saa saba mchana atakuwa hapa. Sikulia hata kidogo. Nilikuwa napiga hesabu.

"Basi tunazika saa kumi," akasema baba mkubwa.

Alhamisi asubuhi vijana wakachimba kaburi nyuma ya nyumba, pembeni ya shamba la pamba. Kwetu kaburi likishachimbwa halilali wazi. Likilala wazi, linadai mwingine. Ndiyo maana watu huulizana kwanza, halafu ndipo jembe linashika udongo.

Saa nane ujumbe ukaingia. Kaka yuko Istanbul, ndiyo kwanza amepata intaneti. Anasubiri ndege ya Dar, halafu aunge ya Mwanza. Atafika kesho mchana. Ile hesabu yangu ilikuwa ya mstari ulionyooka, ndege moja isiyotua popote. Ndege hiyo haipo.

Nikampelekea baba mkubwa simu. Akaiangalia muda mrefu, na miwani hakuwa nayo.

"Kaburi limeshachimbwa, mwanangu," akasema.

Tukazika saa kumi. Nilitupa udongo wangu nikarudi jikoni kuosha masufuria. Sikusikia chochote moyoni, hata leo naona aibu kusema.

Kaka alifika Ijumaa na begi moja dogo. Alipoliona tuta hakupiga kelele. Alimgeukia baba mkubwa: "Mlikuwa mnakimbilia wapi? Siku moja tu ikawashinda?"

Mimi nilikuwa nimesimama pale na sinia la wali. Baba mkubwa angeweza kuninyooshea kidole tu. Akasema, "Nisamehe, mwanangu. Niliharakisha." Nikaweka sinia chini, nikaenda kuchukua maji ya kunawa.

Siku tano zote alizokaa, kaka hakumsalimia tena baba mkubwa. Mzee alikuwa anapita asubuhi na salamu ya Kisukuma, "Mwangaluka," na kaka anaangalia pamba. Hata leo akipiga simu huwa anauliza hali ya kila mtu, hadi ng'ombe, isipokuwa ya baba mkubwa.

Siku ya kuondoka gari lilikuwa linaunguruma, begi limeshaingia. Baba mkubwa akaniuliza kwa sauti ileile, kaka akiwa amesimama hatua mbili kutoka kwetu:

"Huko ni mwendo wa muda gani?"

"Sijui, baba," nikasema.

Mzee akatikisa kichwa, akamfungulia kaka mlango wa gari.