Macho ya Babu na Barabara ya Iringa

"Mama, Mungu hampendi Babu?"

Swali hilo aliniuliza binti yangu mdogo, Sekela, akiwa na miaka saba, tulipokuwa tukichambua maharage nyuma ya nyumba yetu pale Iyunga, Mbeya. Babu yake, yaani baba mkwe wangu, alikuwa amerudi jana yake kutoka kwenye mkutano wa maombi. Alikwenda akiongozwa kwa fimbo, akarudi akiongozwa kwa fimbo. Macho yake yalikuwa na ukungu mweupe kwa miaka miwili, na sasa aliweza kutofautisha mchana na usiku tu. Njiani mtu mmoja alimwambia kwamba hakupona kwa sababu imani yake ni ndogo. Mzee yule aliyeimba besi kanisani tangu ujana wake hakuimba tena.

Wiki hiyo hiyo mume wangu alileta habari. Katika hospitali moja ya misheni karibu na Iringa, daktari wa macho angefika kwa siku mbili tu kuwapasua watu wenye mtoto wa jicho. Babu alikataa. "Nikienda kwa daktari, nitakuwa nimemwambia Mungu kwamba nimechoka kumngoja." Mume wangu alimbembeleza siku tano. Mwishowe mzee alikubali shingo upande, tena kwa sharti: twende wote, na njiani tusomeane habari za miujiza, ili ajue amekosea wapi.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Sisi Wanyakyusa tuna desturi kwamba mkamwana hakai karibu na baba wa mumewe, hamtazami usoni, hasemi naye, wala hatamki jina lake. Akimsikia anakuja, hujitanda kitenge na kupita njia nyingine. Hiyo ni heshima, si ugomvi. Wakristo wengi wa rika langu walikuwa wameanza kuilegeza, lakini nyumbani kwetu tuliishika. Nilikuwa na miaka kumi na miwili katika ndoa, na baba mkwe wangu hakuwahi kuniona uso.

Saa kumi na mbili asubuhi tulipanda basi. Babu na mume wangu walikaa mbele, mimi na Sekela nyuma kabisa, na binti yangu mkubwa, Tumpe, wa miaka kumi na mmoja, katikati. Yeye ndiye aliyekuwa mjumbe.

"Tumpe, mwambie babu yako dirisha liko wazi, avae koti."

"Babu, Mama anasema uvae koti."

"Mwambie mama yako nimesikia."

"Mama, Babu anasema amesikia."

Msukuma mmoja mwenye kofia pana, aliyehamia Usangu na ng'ombe wake, alishindwa kujizuia. "Nyie Wanyakyusa, mbona mnapigiana simu ndani ya basi moja?" Basi zima likacheka, na babu naye akatabasamu kidogo.

Tulipoteremka kwenye tambarare ya Usangu, jua lilikuwa limepanda. Lami ilikuwa bado mpya, nyeusi tii, na makundi ya ng'ombe yalionekana mbali kama kokoto zilizomwagwa. Wasichana waligombea dirisha. Mume wangu akasoma kwa sauti habari ya mikate mitano na samaki wawili. Sekela aliisikiliza yote, kisha akauliza, "Kama yule mtu wa mazingaombwe aliyekuja shuleni? Alitoa mayai mdomoni!"

Mimi ni mwalimu wa darasa la pili, kwa hiyo swali la namna hiyo halinichoshi. Nilimwuliza, "Yule wa mayai, mlipomaliza kumtazama mlimpa nini?"

"Makofi."

"Na mayai mlikula?"

"Hapana. Aliondoka nayo."

"Basi. Mwenye mazingaombwe anataka atazamwe yeye. Katika habari ya mikate, anayetazamwa ni mwenye njaa. Watu walishiba."

Kutoka mbele babu akasema, bila kumtuma Tumpe, kana kwamba anaongea na kioo cha basi, "Lakini wao walishiba siku ile ile." Mimi nilikuwa na la kusema, lakini halikuwa la kumtuma mtoto.

Makambako tulifika kabla ya saa sita, na upepo wake unajulikana. Utingo alitangaza, "Ndugu abiria, dakika kumi tu!" Mume wangu akachukua chupa ya chai, akashuka kumtafutia baba yake chai ya moto. Utingo alipohesabu vichwa aliona mtu mwenye koti la kijivu kama la mume wangu akipanda, akadhani ni yeye. Tulikuwa tumekwisha uacha mji nyuma Sekela aliposema kwa utulivu, "Mama, Baba amebaki."

Nilipiga kelele. Dereva alisema hawezi kurudi, malori ni mengi na mtu mzima hapotei. Kwa mara ya kwanza nikatambua hali yetu: mimi, watoto wawili, na mkwe asiyeona ambaye siruhusiwi kusema naye.

Jioni basi lilivuka Mto Ruaha Mdogo na kuanza kupanda kilima cha mji wa Iringa. Wasichana walisahau shida zote. Kulikuwa na mawe makubwa kama nyumba juu ya vilima, na maduka ya Wahindi yenye vibaraza, ambako mzee mmoja alikuwa akikunja vitambaa huku akiwapungia watoto mkono. Babu alishika ncha moja ya fimbo, Tumpe ncha nyingine, nami nikafuata nyuma nimejitanda. Tulipata gari dogo la mizigo mpaka misheni.

Mwenyeji wetu, Mama Debora, alikuwa Mhehe mnene mwenye sauti ya kuamsha kijiji. "Kamwene, kamwene!" akatusalimu kwa Kihehe. "Na mwanamume yuko wapi?"

"Amebaki Makambako na chai," akajibu Sekela.

Alicheka mpaka akashika mlango. Akatupa ugali na likolo, mboga za majani za kwao. Alipoona sahani ya babu inapitishwa kwa Tumpe, akatikisa kichwa. "Hata sisi Wahehe tunaheshimu wakwe, dada. Lakini huyu haumi."

Asubuhi iliyofuata tulikuwa kwenye benchi la hospitali tangu mapema. Ilikuwa siku ya mwisho ya daktari, na waliokosa wangengoja hata mwaka mzima. Muuguzi alimkagua babu, akasema jicho la kulia litafaa, akatuambia tusubiri kuitwa. Watu wanne walikuwa mbele yetu. Wakawa watatu. Ndipo babu akasema, "Tumpe, mwambie mama yako turudi nyumbani. Mwanangu hayupo. Mungu mwenyewe ameifunga njia, na mimi nalazimisha."

Tumpe alinigeukia. Nikaanza, "Mwambie babu yako kwamba..." Mtoto akaanza kulia.

"Mama, haya maneno ni makubwa. Mimi siwezi kuyabeba."

Watu wawili mbele yetu. Nikasogea kwenye benchi mpaka nikawa karibu naye, kichwa nimeinamisha, nikasema, "Baba."

Akashtuka, na fimbo ikaanguka.

"Baba, nisamehe. Sijui kwa nini hukupona siku ile ya maombi. Ningejua, ningekuambia. Lakini kumbuka yule kipofu aliyepakwa tope machoni na Yesu, akaambiwa aende akanawe. Aliondoka pale bado haoni. Alipapasa ukuta njia nzima, na tope linamkauka usoni, na watu bila shaka walimcheka. Hakuna aliyemwambia kwamba kutembea kwake ni ukosefu wa imani. Baba, kutoka Iyunga mpaka hapa umetembea kama yeye. Usirudi nyumbani na tope."

Mtu mmoja mbele yetu.

"Ndiyo hiyo sauti yako?" akasema babu. "Miaka yote nimeisikia kupitia ukutani."

Muuguzi akaita jina lake. Babu aliinama, akapapasa akaipata fimbo, akainuka mwenyewe. "Waambie watoto waniombee," akasema. Aliniambia mimi.

Alasiri mume wangu alifika juu ya lori la viazi, amejaa vumbi mpaka kwenye nyusi, chupa ya chai kwapani. "Amekubali?" akauliza. "Yuko kitandani," nikamwambia, "jicho limefungwa." Akakaa chini palepale kwenye majani, akalia, kisha akanywa ile chai baridi.

Siku ya tano bandeji ilifunguliwa. Tulizunguka kitanda sote. Muuguzi alimvisha babu miwani minene, na mimi, kwa mazoea ya miaka kumi na miwili, nikajikuta nimechuchumaa nyuma ya kitanda nimejifunika kitenge. Muuguzi akauliza, "Huyu naye anaumwa?"

Babu alimtazama Tumpe. "Umerefuka." Akamtazama Sekela. "Wewe meno yako yameenda wapi?" Akamtazama mwanawe, akaficha uso kidogo. Kisha akasema, "Mama Tumpe, inuka. Desturi ni yangu, mimi ndiye ninayeilegeza. Nataka kumwona aliyenizuia nisirudi."

Niliinuka. Alinitazama kwa muda, akasema kwa lugha yetu, "Ndaga fijo." Asante sana.

Njia nzima ya kurudi Mbeya alikaa dirishani akitutangazia: ng'ombe! daraja! mlima! Tulipofika Usangu alikuwa akiimba besi. Sekela alitaka kujua muujiza ulikuwa upi hasa, kisu cha daktari au maombi. Nilimwambia nilichojifunza, nanyi nawaambia vilevile: tusimpangie Mungu mlango wa kuingilia. Alikuja kwa mkono wa daktari, kwa machozi ya Tumpe, na hata kwa ile chai ya Makambako, maana mume wangu angekuwepo mimi nisingesema neno. Na asiyepona tusimpimie imani. Tumshike mkono, twende naye.

Wiki moja baada ya kurudi, mzee mmoja wa kanisani alifika nyumbani akiongozwa na mjukuu wake, macho meupe kama maziwa. Alimwomba babu amfundishe ombi lile lililomponya.

Babu akafuta miwani yake kwa upindo wa shati. "Ombi ni lile lile ulilokwisha omba," akasema. "Daktari wa Iringa akirudi, basi linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Mimi nitakaa nawe mbele."