Chumba cha Mwano

Mwano ukishausikia hutausahau. Ni yowe letu Wasukuma la kuita watu, kali na refu, linalokatwakatwa kwa kiganja mdomoni. Ukilisikia unatupa jembe na kukimbia na chochote kilicho karibu, maana asiyeitikia huonekana mwenza wa mwizi. Kijijini kwetu, kati ya machimbo ya Geita na ziwa, tulijua kuupiga kabla hatujajua kusoma.

Nilikuwa na miaka tisa, msimu wa kuchuma pamba. Wakubwa wote walikuwa shambani, mimi nimeachiwa nyumba na ndama wawili. Jua likiwa la utosi, akatokea mwanamume nyuma ya zizi, amepakaa udongo mwekundu toka kichwani hadi miguuni, mtaimbo begani. Kichwa changu kilikuwa kimejaa habari za wezi wa ng'ombe. Akasema, "Maji, mwanangu." Nilimsikia vizuri, sitajidanganya hapa. Lakini mkono ulikuwa umeshafika mdomoni. Nikapiga mwano.

Walikuja kutoka pande zote na marungu, mapanga na fimbo za kuchungia, baba yangu akiwa mbele. Yule mtu hakukimbia. Alitupa mtaimbo, akainua mikono, akasema yeye ni mchimbaji tu, anatoka shimoni. Rungu la kwanza lilimvunja taya, na baada ya hapo hakuweza kusema tena. Walimpiga mpaka akaacha kujikunja, kisha wakaendelea. Nakumbuka mlio wa mifupa. Nakumbuka damu iliyorukia mlango wa zizi, na jirani yetu Mama Kulwa, aliyechelewa kufika, akimpiga maiti kwa jembe ili naye awe amepiga. Walipompekua walikuta dumu dogo limefungwa kiunoni kwa kamba. Lilikuwa kavu. Baba aliliangalia kwa muda, akaniwekea mkono kichwani. "Umefanya vizuri, mwanangu," akasema. Nami, Mungu anisamehe, nilijivuna wiki nzima. Mtungi wetu siku hiyo ulikuwa umejaa.

Leo mimi ni msanifu majengo, nachora kituo cha wageni kitakachojengwa ufukweni mwa ziwa kuhifadhi mila zetu: kuta za mawe ya hapo hapo, paa la nyasi, madirisha yanayotazama maji. Wiki iliyopita mwenyekiti wa kamati, mzee mpole sana, aliweka kidole kwenye mchoro wangu.

"Hapa tuweke chumba cha mwano, binti yangu. Mgeni anabonyeza kitufe, anasikia. Watoto watafurahi."

"Wakishasikia, baba, wafanye nini?"

Akacheka. "Wafanye nini tena? Si sauti tu!"

Siku hizi kijijini watu hupigiana simu, na yowe la mtoto huwafanya wachungulie kwanza dirishani. Nikaona aibu kubaki na siri ya zama nyingine. Nikawasimulia wanakamati wote kisa cha yule mchimbaji, kwa mara ya kwanza maishani. Mzee akachukua kalamu, akaniomba jina la marehemu, liandikwe kwenye ukuta wa chumba hicho.

Sikuwa nalo. Hakuna aliyemuuliza, na wa kwanza kutomuuliza nilikuwa mimi.