Jicho la Kulia la Refa Kadi

Mtaani walimwita Kadi, maana akiwa refa hakuchelewa kutia mkono mfukoni. Siku za kazi alifundisha hesabu shule ya msingi. Jumamosi alichezesha mechi za ligi ya wilaya. Kutukanwa na mashabiki alishazoea.

Ila siku moja mchezaji alipigwa kiwiko karibu naye kabisa, upande wa kulia, na yeye hakuona kitu. Mshika kibendera ndiye aliyemwita. Wiki hiyohiyo akajigonga bega kwenye mlango wa darasa. Wanafunzi wakacheka. Mwalimu wao hakucheka.

Duka la miwani wakamwambia macho yake ni mazima. Akagoma kuondoka. "Mbele naona. Pembeni ni giza. Nielekezeni kwa anayejua."

Hospitali walikomwelekeza, picha ya kichwa ilionyesha uvimbe chini ya ubongo, umekalia mfupa wa sakafu ya fuvu na kubana mishipa ya macho. Daktari wa upasuaji, mama mmoja wa sauti ya chini, hakumzungusha.

"Si saratani, dada. Unakua polepole, lakini ukiuacha utakupofusha. Nitautoa. Kipande kilichong'ang'ania mshipa mkubwa wa damu sitakigusa."

"Mbona usimalize kazi?"

"Nataka uamke ukiwa wewe."

Mumewe, fundi friji, alitaka wangoje kwanza. "Kichwa si friji, mama. Hakifunguliwi hivihivi."

"Baba watoto, tukingoja macho yanakwisha. Mimi naenda."

Mume akaenda kumtafutia begi.

Upasuaji ulikula karibu siku nzima. Alipozinduka, uso umemvimba, alimwomba nesi amtembezee kidole pembeni. Kushoto alikiona. Kulia, wapi! Baadaye maji ya ubongo yakaanza kumvuja puani. Akalazwa tena, akikatazwa hata kupenga kamasi, mpaka yakakauka.

Miezi ikapita. Jicho la kushoto likarudi safi. La kulia likabaki na ukungu.

Akamwita yule mshika kibendera uwanjani. "Nirushie mipira kutoka kulia. Usinitahadharishe." Wa kwanza ukampiga sikioni. "Tena!" Ukampiga shavuni. "Tena!"

"Dada Kadi, basi, nakuumiza."

Akakaa chini palepale katikati ya uwanja, akalia. Hakulia sana. Jumatatu alikuwa ofisi ya chama cha marefa.

"Katikati ya uwanja siwezi tena. Nipeni wanaoanza, niwafundishe."

Wakamwambia arudi mwakani. Akarudi kesho yake, na keshokutwa, mpaka wakachoka, wakampa kundi.

Leo sauti yake uwanjani inasikika mpaka barabarani: "Shingo! Geuza shingo, macho peke yake hayatoshi!" Kila mwaka anapigwa picha ya kichwa, na kile kipande kilichoachwa hakijakua. Wanafunzi wake wawili wamepanda ligi ya mkoa, na wanapochezesha, Kadi huketi mwisho kabisa wa jukwaa, kulia, uwanja wote uwe kushoto, upande wa jicho lake zima.