Siku Mongina Alipokataa Kutoa Bunduki

Mimi, Obure, ni kaka yake mkubwa, kwa hiyo mkitaka mtu wa kumsimulia Koplo Mongina bila kumsifu, tafuteni mwingine. Nimejigamba juu yake soko la Sigowet mpaka wauza ndizi wakiniona wanageuza uso. Baba yetu alitoka Kisii kuja kuchuma chai ya wenyewe, akanunua kishamba, akabaki. Kitovu changu na cha Mongina vimezikwa huku. Yeye ndiye wa kwanza katika ukoo wetu kuvaa sare ya polisi. Mwili mdogo, sauti king'ora.

Kazi yake kituoni ni kutunza stoo ya silaha. Askari akiingia zamu, ni yeye humpa bunduki kupitia dirisha; akitoka, ni yeye huipokea. Wako wanaosema hiyo ni kazi ya kukaa. Waseme. Mtu wa dirisha lile huona uso wa kila askari asubuhi na jioni, na dada yangu anajua kutazama.

Mwaka jana, msimu wa mvua, lori la majani chai lilikosa breki mteremkoni likavamia watu waliokuwa wakitoka kanisani. Konstebo Weldon, kijana wa Kipsigis kutoka Siongiroi, ndiye askari aliyefika kwanza. Aliinua maiti kwa mikono yake, na watoto walikuwemo. Kesho yake akaja gwaride buti ziking'aa. Wenzake wakampiga bega, wakamwambia, "Jikaze kisabuni," basi, imeisha. Hiyo ndiyo ilikuwa dawa yao, na mimi naitukana mchana kweupe. Hata sabuni huisha.

Majuma yakapita. Asubuhi moja, akiwa kwenye foleni ya dirishani, Weldon akasema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Ile ng'ombe yangu nimempea jirani yangu Bethwel. Ndama nimepelekea dada yangu."

Wenzake wakacheka. "Umeokoka ama umelewa?"

Mongina hakucheka. Tumekaa na Wakipsigis, tumeazimana majembe, tumeoana. Kwa kijana ambaye hajaoa, ng'ombe ndiye mahari, ndiye boma lake la kesho. Anayegawa mifugo ni mzee, naye hugawa akijua safari yake imekaribia. Weldon alikuwa anaaga mbele ya watu wote, na watu wote walikuwa wanacheka.

"Weldon, leo sikupi," akamwambia.

"Koplo, nipee bunduki. Usinichezee."

"Sikupi. Ukitaka kukasirika, kasirika."

Kwa askari, kunyimwa silaha mbele ya wenzake ni kuvuliwa nguo. Weldon alipiga dirisha ngumi mpaka mkuu wa kituo, Afande Owino, akatoka ofisini.

"Koplo, huyu kijana ana zamu. Umekuwa daktari lini?"

Dada yangu alikuwa na watoto watatu shuleni na hana mshahara mwingine. Kumkaidi mkuu ni kuitafuta barua ya kufukuzwa. Alitoa funguo za stoo, akaziweka dirishani.

"Afande, kama ni lazima apewe, mpe wewe. Mkono wangu umekataa. Huyu anagawa ng'ombe."

Owino ni mtu wa ziwani, na kwao pia ng'ombe si kitu cha kutoa hovyo. Aliziangalia zile funguo, akamwangalia Weldon. "Ni kweli?" Owino akamshika mkono, akaingia naye ofisini, akafunga mlango. Kilio kilichotoka humo kilisikika mpaka barabarani. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Weldon aliumbuliwa na kilio, na tumshukuru Mungu kwa hilo.

Lakini aibu ilibaki, na hapo ndipo ninapompenda dada yangu kupita kiasi. Alimwomba Owino askari wote waliokwenda kwenye ajali ile waweke silaha chini, waende hospitalini kwa mshauri, asipatikane wa kunyooshewa kidole. Akajitaja wa kwanza, kwa kuwa ni yeye aliyepokea bunduki zao jioni ile, zikiwa na damu, akazipangusa peke yake. Owino alikubali, na Mongina aliporudi nyumbani kutoka hospitalini macho yalikuwa yamevimba.

"Nimelia, Obure," akaniambia. "Na usiende kutangaza sokoni."

Nilitangaza.

Weldon alikaa bila silaha mpaka daktari aliporidhika. Mama yake alikuja kwetu kutoka Siongiroi na kibuyu cha mursik, maziwa yao ya kuchacha, akamkumbatia Mongina, akasema "kongoi, kongoi" mpaka sauti ikakatika. Asante hiyo haikuhitaji mkalimani.

Mwezi jana majambazi walivamia duka, na mwenye duka akakata roho mikononi mwa Weldon. Asubuhi iliyofuata foleni ilikuwa ndefu. Weldon alifika dirishani, akasimama wima, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Koplo, leo usinipee. Naenda kuongea na daktari kwanza."

Hakuna aliyecheka. Sajini mmoja mwenye mvi, aliyekuwa nyuma yake, akatoka kwenye foleni.

"Ningoje," akasema. "Twende pamoja."