Ambrosi Kalinga na Vitanda vya Mzimba

Ambrosi Kalinga wa Kilolo alijulikana kwa lori lake kuukuu na kwa mdomo wake, na watu hawakuwahi kukubaliana ni kipi kati ya hivyo kilikuwa na kelele zaidi. Hakuupita msiba wa Wangoni, kuanzia Njombe hadi Songea, bila kusimamisha lori na kushuka kuutania. Mhehe na Mngoni ni watani. Babu zao walipigana mpaka wakachoshana, na kwa kuwa hakuna aliyemshinda mwenzake, wakaona heri kutukanana kuliko kuuana. Tangu hapo Mngoni akifa, Mhehe huingia msibani akamsimanga marehemu, akakamata kuku bila kuomba, na wafiwa wakacheka machozi yakiwa bado mashavuni. Kisha mtani huyo huyo hushika jembe akachimba kaburi. Anayetukana asichimbe si mtani, ni mhuni tu.

Mwaka 1953, mwezi wa Julai, Verediana mke wa Ambrosi alijifungulia sakafuni katika zahanati ya misheni, juu ya mkeka, kwa maana zahanati haikuwa na kitanda hata kimoja. Baridi ya Kilolo mwezi huo haina huruma. Mtoto aliishi wiki moja, kichomi kikamchukua. Ambrosi hakulia wala hakulizungumza jambo lile na mtu yeyote, na kwa mtu mwenye mdomo kama wake, majirani waliona hilo ndilo baya zaidi.

Mwaka uliofuata Verediana akawa mjamzito tena. Jumapili moja padri akatangaza kwamba huko Mzimba, katika nchi ya Nyasaland, kuna misheni iliyofunga hospitali yake, nayo inatoa vitanda vya chuma bure kwa atakayevifuata kabla ya mvua. Mvua zikianza barabara hufa, na vitanda wangepewa wengine. Ambrosi alisimama kabla padri hajamaliza.

"Nitavifuata mimi," akasema, akaketi.

Hakwenda peke yake. Akiwa Mbeya aliwachukua rafiki zake wawili, Eliezeri, fundi wa magari, Mnyakyusa mpole wa Kilutheri, na Saulo, seremala wa Kisafwa ambaye angevifunga vitanda kwa mbao visivunjike njiani. Zahanati ya Wakatoliki wa Kilolo haikuwahusu ndewe wala sikio. Waliacha kazi zao kwa sababu Ambrosi aliwaomba, na kwa sababu wote wawili walijua habari za yule mtoto.

Walivuka mpaka Tunduma, wakakata pembe ya Rodesia ya Kaskazini, wakaingia Nyasaland. Saulo, ambaye hakuwahi kutoka Tanganyika, alisikitika kuona vumbi la ng'ambo ni lile lile la Chunya. Ambrosi yeye alikuwa anachekacheka kwenye usukani. Aliambiwa kwamba watu wa Mzimba ni Wangoni.

"Tunakwenda kwa watumwa wangu," akawaambia wenzake. "Ninyi nyamazeni tu, mtakula kuku mpaka mchoke."

Hapo ndipo alipojikwaa, na kosa hilo asingeweza kulifanya mtu mwingine ila Mhehe. Wangoni wa Mzimba ni Wangoni kweli, lakini babu zao walishika njia nyingine, hawakuwahi kurushiana mkuki na Wahehe. Na utani haumo katika damu. Umo katika kupigana na kupatana.

Walifika mchana, mawingu yakiwa yamejikusanya. Ufunguo wa ghala la vitanda ulikuwa kwa mzee wa kanisa, Yohane Thole, na walipofika kwake walikuta uwanja umejaa watu wamekaa chini kimya. Kaka yake Yohane alikuwa amefariki jana yake. Eliezeri alivua kofia na kuinamisha kichwa. Ambrosi alifurahi, kwa kuwa alijiona amefika nyumbani.

Aliingia moja kwa moja mpaka penye maiti. Kofia ya marehemu ilikuwa imewekwa juu ya sanduku, akaichukua, akaivaa.

"Nani amewadanganya kwamba huyu amekufa?" akasema kwa sauti. "Mngoni hafi, anakimbia tu. Babu zake walikimbia kutoka kusini mpaka wakaishiwa na nchi. Mpigeni fimbo, mtaona anavyoinuka."

Hakuna aliyecheka. Wengi hawakujua Kiswahili, ila kofia waliiona. Yohane Thole alikijua, tena vizuri. Akasimama taratibu, akachukua fimbo yake, akamtandika Ambrosi ya mgongo, kisha ya pili, akamfuata hivyo mpaka kwenye lori.

"Vitanda havitoki," akasema. "Rudini kwenu."

Wakakaa kando ya lori. Kofia ilikuwa bado kichwani mwa Ambrosi, naye alipoigundua aliivua, akaishika magotini.

"Heri kujikwaa kidole, ndugu yangu," Eliezeri akasema. Hakumalizia. Wote watatu walijua kwamba kinachofuata ni ulimi, na kwamba kule Kilolo Verediana alikuwa akisubiri.

Ngurumo ikasikika upande wa milimani. Ambrosi alitazama makaburini. Vijana wa kijiji kile walikuwa wamekwenda migodini Johannesburg, na waliokuwa wakichimba kaburi walikuwa wazee wawili, majembe yao yakigonga mwamba. Aliteremsha mtaimbo wa lori, akaenda. Hakuomba ruhusa. Alishuka shimoni akaanza kuvunja mawe, na baadaye Eliezeri na Saulo wakamfuata na makoleo. Wazee wale walitazamana, kisha wakakaa pembeni kupumzika. Ambrosi alichimba mpaka viganja vikachubuka, na siku ile, kwa mara ya kwanza katika msiba wa Mngoni, hakutoa neno.

Walizika jioni, matone ya kwanza yakianza. Watu walipotawanyika, Yohane akabaki.

"Zamani nilifanya kazi Chunya, kwenye dhahabu," akasema. "Niliwaona watu wa kwenu wakitukanana msibani. Nilidhani ni pombe."

"Si pombe, baba. Anayetukana ndiye anayechimba."

"Na akifiwa yeye?"

"Unakuja wewe, unatukana."

"Lakini sisi hatukupigana nanyi."

"Tumepigana leo," akasema Ambrosi. "Mgongo wangu ni shahidi."

Yohane hakucheka. Alinyoosha mkono akachukua kofia ya kaka yake mkononi mwa Ambrosi, na kwa mkono mwingine akatoa ufunguo.

Walipakia usiku ule ule, wakafika Kilolo siku moja kabla ya mvua kubwa kufunga barabara. Januari Verediana alijifungua mtoto wa kike, Lusia, juu ya kitanda cha chuma chenye godoro la majani. Wiki moja ikapita, kisha ya pili, na Ambrosi akaanza tena kupiga kelele barabarani.

Mwaka 1956, masika yakiwa yamefunga njia ya Songea, mama yake Ambrosi alifariki. Mtani hakufika hata mmoja. Ukawa msiba mkavu, na Ambrosi, aliyechekesha misiba ya watu miaka yote, alikaa katika wake kimya kama mgeni. Alituma habari za msiba huku na huku kwa madereva, basi.

Siku ya kuondoa tanga, lori la kutoka Mbeya lilimshusha mzee mmoja mwenye kofia. Hakumwamkia mtu. Alianua kanga ya marehemu iliyokuwa kambani, akajifunga kiunoni, akaenda kujilaza juu ya kaburi.

"Mhehe huyu hakufa!" akasema Yohane Thole. "Amejificha asinilipe vitanda vyangu. Mbwa wa kijiji hiki tu ndio wamefurahi, mlaji wao mmoja amepungua."

Watu hawakumjua mgeni huyo. Ambrosi peke yake ndiye aliyecheka.

"Inuka, mtani. Nikupe kuku."

"Kuku ninao. Namtaka yule." Alimwonyesha Lusia. "Amezaliwa kwenye kitanda changu. Bila yeye siondoki."

Verediana akamleta mtoto, akamkalisha tumboni kwa mzee, na Lusia akashika ndevu zake kwa mikono miwili. Yohane aliinuka, akambeba mgongoni kwa kanga ile ya marehemu, akadai jembe. Mvua ilikuwa imelila kaburi upande mmoja, akaanza kulijazia udongo taratibu, mtoto akichungulia begani.

Ndipo Ambrosi alipolia, mbele za watu wote. Alimlilia mama yake, akamlilia na yule wa wiki moja.